Tonge ya Kwanza

Hapana, haiko magoti.

Pasteri mupya anasemaka ni magoti. Munganga anasema ni moshi iliniingia mu kifua. Bamama ya korali banasema nimekuwa na kiburi juu mutoto yangu alirudi kutoka Tanzania. Bote banadanganya, na Pasteri anajua kama anadanganya. Na nyi mbili, Jeanine na Sifa, munaoingia ku jiko hii nyuma yangu, hamujauliza bado, lakini naona vile munaangalia ile muiko ku ukuta. Munajisemea mu roho: huyu mama, vita ya kwanza hakukimbia, vita ya pili hakukimbia, sasa kimya imerudi njo anaacha kazi? Iko na kitu anaficha.

Iko. Kaeni chini.

Ni juu ya mutoto yangu Noela, na tonge moja ya bugali. Lakini nitaanza ku mwanzo, juu kazi munayoingia hamuijue, munafikiri ni kuchochea moto tu. Jeanine, we njo ulisoma, andika. Andika vile nasema, usinitengeneze. Nikisema bugali, usiniandikie ugali kama batu ya redio.

Nilikuya ku materinite hii ya kanisa, nyumba ya bamama kuzalia, hapa Baraka, mi mujane. Bwana yangu alikuwa anavua samaki ku Mboko, ziwa ikamubeba, mutumbwi ikarudi peke yake. Noela alikuwa ku mugongo, hajatembea bado. Nilichelewa sana kumuzaa, wakati bashemeji bote walishasema tumbo yangu imefunga. Pasteri Zabuloni, ile muzee ya zamani, akaniita Sara mbele ya kanisa. Nikamuambia, Pasteri, Sara alikuwa na bwana ya kumuletea kuni.

Chef ya jiko alikuwa Mama Abwe. Mufupi, mikono kama ya seremala, anavuta tumbaku nyuma ya choo kisha anatafuna majani ya ndimu. Mukubwa ya materinite alikuwa Madamu, muzungu ya misioni, na pua yake ilikuwa inafanya kazi kuliko macho. Alikuwa na Swahili ya kwake mwenyewe: «Mama Abwe! Nini nanuka? Nani navuta?» Mama Abwe anajibu na uso ya malaika: «Ni moto, Madamu. Moto ya leo iko na tabia mubaya.»

Siku ya kwanza Mama Abwe alinipa ile muiko munaona pale. Ilichongwa na fundi ya mitumbwi, mbao ile ile ya kasia, inanifika ku bega. Akaniambia: «Songa.» Ilikuwa bugali ya bamama makumi tatu. Nikasonga na mikono. Akacheka mupaka akakohoa. «We unapapasa mutoto? Songa na mugongo!» Sikieni, Sifa na Jeanine: sufuria mukubwa haina masikio, inakaa ku mafiga tatu, munaibana na vijiti mbili na miguu, na munasonga na mugongo. Bugali mubichi inasema plof, plof. Ikiiva inasema fff, kama muntu anapumua mu usingizi. Usiangalie, sikiliza.

Kisha muhogo. Hii muweke mu kichwa juu itarudi. Muhogo yetu ya bichungu inalala mu maji siku tatu, wakati ya baridi siku ine. Unaiminya na kidole. Ikivunjika, toa, anika. Ikikataa, irudi mu maji, hata bamama banalia njaa. Mama Abwe hakuwa anaamini unga ya soko hata kidogo. Ananusa, anaweka ku ulimi, anatema, anaangalia mwenye kuuza mu macho. «Hii ililala siku ngapi?» «Tatu, mama.» «Tatu ya kwenu ao tatu ya kwetu?»

Na kazi yenyewe, ile kubwa, ni hii. Munajua desturi ya huku. Muntu akikupa kikombe, anakunywa kwanza mbele ya macho yako. Hata dada kwa dada. Haiko matusi, njo heshima, juu huku kila muntu iko na jirani moja anamushuku na sumu. Sasa fikiri mama iko mu kitanda, amezaa jana, hana nguvu, na muntu hamujue anamuletea sahani. Mama Abwe aliniambia: «Ukifika ku kitanda, kata tonge, kula, meza, fungua kinywa aone. Kisha njo unasali.» Nikauliza: «Sala iko nyuma?» Akasema: «Sala tunamupa Mungu, na Mungu haogope. Tonge ni ya mugonjwa.»

Pasteri Zabuloni hakupenda. Alikuwa anaongea Swahili ya Biblia hata akiomba chumvi. Siku moja akasimama pale ku mulango: «Wapendwa, je, hatumtumaini Bwana? Mbona twaonja kama watu wasio na imani?» Mama Abwe hakuacha kusonga. «Pasteri, ku ndoa ya mushemasi nilikuona. Walikupa kikombe ya maji ya ananasi. Ulimuongelea mushemasi habari ya mvua, ukamuongelea habari ya mabati, mupaka yeye akakunywa.» Pasteri akakohoa. Akauliza kama kuna bugali imebakia.

Hivyo miaka ikaenda. Noela alikulia hapa, kati ya mafiga na kinu.

Vita ya kwanza ilipokuya, Madamu alisimama hapa na sanduku moja. «Mama Abwe, shika funguo. Mimi narudi upesi-upesi.» Labda upesi ya kwabo ni mrefu kuliko ya kwetu, juu mupaka leo tunamungoja. Munganga akakimbilia Uvira. Alibakia enfirmiye moja wa kutunza bagonjwa, Lukasi, kijana mwenye miwani ya kufungwa na uzi, Mama Abwe na mi. Mama Abwe mwenyewe hakumaliza ule mwaka, kifua ilimukamata. Alinipa funguo na neno moja ya kazi, na haikuwa ya Biblia. «Bamama batakuya. Usiulize banatoka wapi. Uliza kama banakulaka pilipili.»

Nilimuahidi. Nyi hamukumuahidi kitu, muko na bahati.

Vita ya pili ilituharibu macho. Ya kwanza batu walikimbia bakarudi, bakazika, bakapanda muhogo tena. Ya pili haukuona tena muntu, uliona upande. Huyu ni ya ziwa, huyu ni ya milima, huyu anauza chumvi kwa nani, huyu juu ya nini anapiga pasi shati wakati wa vita? Hata mi. Nilikuwa nahesabu kuni zangu asubuhi, nikikuta moja imegeuka, namushuku Lukasi.

Njo wakati ile Mama Debora alishuka. Mama ya milimani, ya batu ya ng'ombe. Ndugu yake alimufikisha Fizi, akaogopa kuendelea, mama akatembea peke yake mupaka Baraka na tumbo inamutangulia. Lukasi akamupa kitanda ya mwisho. Bamama ya ziwa, sale nzima ya vitanda, bakageuka ku ukuta. Moja akasema kwa nguvu, ili bote basikie: «Mama Noela, huyo nae utamupikia na sufuria yetu?»

Nikauliza Mama Debora: «Unakulaka pilipili?»

Hakujibu. Hakukula ule siku, hakukula kesho yake. Nilikata tonge mbele yake, nikakula, nikafungua kinywa. Aliangalia ndani ya kinywa yangu kama anatafuta jino ya kununua. Akaongea polepole, na adabu mingi, ile adabu inakukata: «Oya, hapana, mama. Umekula upande yako. Yangu iko upande ingine.» Nikachanganya yote, nikakula katikati. «Oya. Mwenye dawa ya kuua iko pia na dawa ya kujikinga.»

Siku ya tatu Lukasi akaniita pembeni, miwani ikiteremuka. «Mama Noela, huyu akizaa hivi, bébé atakufa na yeye atakufa. Alafu batasema nini ku milima? Batasema sisi njo tuliwaua. Fanya kitu.» Kufanya kitu! Nimufungue kinywa na muiko?

Nikarudi na sahani. Noela alikuwa nyuma yangu, anashika kitambaa yangu, alikuwa na miaka kama nane. Mama Debora akamuona.

«Huyu ni wako?»

«Ni wangu. Moja tu.»

«Basi mupe yeye.»

Bamama ya ziwa bakageuka kutoka ku ukuta. Mi nilijua kama sahani haina kitu. Nilipika mi mwenyewe, nikaonja mi mwenyewe. Nikakata tonge, nikagusisha ku mafuta ya mawese na kipande ya samaki mukeke, nikamupa mutoto. Noela akakula, akalamba kidole, akasema: «Chumvi iko kidogo.»

Mama Debora akacheka. Njo mara ya kwanza. Akakula sahani yote na kuomba ingine, na kisha ya siku mbili akazaa mutoto mwanaume, kilo yake nzuri, sauti kama tarumbeta ya korali.

Nilijisikia, we! Nilitembea mu Baraka kama mi njo nilizaa. Nilisema: Mama Abwe, umeona? Sikuuliza anatoka wapi.

Lakini kitu ikishafanya kazi, batu banaitaka yote. Njia ya milima ilikuwa imefungwa na basoda, Mama Debora akabakia, na hakukula tena bila Noela. Kisha bamama ya ziwa bakaanza: «Na sisi? Huyu ya milima analala hapa na vikombe vyetu, nani anajua anatia nini? Noela aonje.» Kitanda kwa kitanda. Kisha komanda moja akaingia na basoda yake kuomba chakula, maana kuomba ya mwenye bunduki. Mulefu, anaongea Lingala na kinywa ya pembeni: «Mama, tika mwana alia liboso.» Mutoto akule kwanza. Noela alishajua Lingala ile yote, hata hakungoja nimalize kutafsiri, akanyoosha mukono.

Vita ile batoto bote banakonda, ya kwangu ananenepa. Majirani bakaona, bakashuku naiba unga ya materinite. Pasteri Zabuloni akamusimamisha mbele ya kanisa: «Wapendwa, tazameni mmisionari mdogo! Kwa kinywa cha mtoto huyu adui wawili wamekula chungu kimoja!» Batu bakapiga makofi. Noela akaangalia miguu yake. Mi nililia na furaha, muniache, nililia. Nilisema, wengine banapeleka batoto ku seminari, mi ya kwangu anatumika tayari.

Siku moja tunaosha sahani ku ziwa, akaniuliza. Namusikia mupaka leo, ile sauti ya pua: «Mama, na siku moja kama iko na kitu?»

«Haiwezi kuwa na kitu. Napika mi.»

«Sasa juu ya nini habakuamini we, banangojaka mi?»

Nikafanya mucheko. Nikamuigizia komanda, nikaigizia Pasteri, nikatembea mu maji kama Madamu na sanduku. Alicheka. Swali ikabebwa na maji. Nilijisifu, naona, mi najua kulea.

Sasa Jeanine, andika hapa polepole.

Tangu Noela alianza kuonja, mi niliacha. Si siku moja. Kidogo kidogo. Kwanza niliacha kuonja ku kitanda, juu yeye njo alikuwa anaonja. Kisha niliacha kuonja ku jiko, juu ataonja ku kitanda. Ulimi yangu ikalala. Mupishi wa miaka yote ile, akabakia na mikono tu.

Muhogo yetu ya shamba ilibebwa na basoda. Nikaenda ku njia ya Nundu, nikakuta bamama banakimbia, banauza unga ili mizigo ipungue. Nikauliza moja: «Ililala siku ngapi?» Akasema: «Tatu, mama.» Macho yake ilikuwa inaangalia nyuma yangu, ku barabara. Nilisikia harufu. Sitadanganya, nilisikia, ile harufu ya kijani, ya muhogo haijavunjika. Mama Abwe angetema. Mi nilisema mu roho, ni vita, moto itaiua. Muntu anayeshuku kuni zake, siku ile hakushuku unga!

Nikapika. Nikabeba. Sikuonja. Noela akakata tonge ku kitanda ya Mama Debora, akasema, «Mama, iko bichungu.» Nikamuambia mbele ya batu: «Kula, usilete aibu.»

Akakula. Akakula tonge ku vitanda sita, juu kila mama alitaka yake, lakini bote balisikia ile bichungu, banangoja kwanza. Ku kitanda ya saba akashika tumbo, akatapika, miguu ikamukimbia, akaanguka kati ya vitanda na macho nyeupe.

Sale ikalipuka. «Sumu! Sumu!» Bengine banaonyesha Mama Debora na kidole, bengine banaonyesha mi. Lukasi akakuya mbio, akanusa sahani, akaonja ku ncha ya ulimi, akatema. Akapiga kelele ya hasira, Lukasi ambaye hakujua hasira: «Si sumu, bajinga! Ni manioki, ni muhogo! Haikulowa! Nani alipika bila kuonja?» Akaangalia mi. Sikumuigizia yule, sina sauti ya kumuigizia.

Akamupa Noela maji ya sukari, kijiko kwa kijiko, yote ikarudi. Njo Mama Debora alishuka ku kitanda na bébé yake mu mukono. Ndugu yake alikuwa amemutumia kibuyu ya mashanza, ile maziwa ya kulala ya milimani, ilipita na bamama ya soko ya Fizi. Akaketi chini, akaweka kichwa ya Noela ku paja yake. Bamama bakalia: «Mama Noela, usimuache! Atamumaliza!» Na mi, munisikie vizuri, mi nilimukamata mukono. Mama nilimulisha miezi mbili. Nikamukamata mukono.

Hakukasirika. Akakunywa mashanza kwanza, akafungua kinywa nione. Mi bado nilishika mukono yake. Kisha akachovya kidole, akaitia mu kinywa ya kale katoto kake ka miezi mbili. Njo nikaachilia.

Mashanza haikurudi. Noela alipona. Mwezi nzima miguu ilimutetemeka kama ya mbuzi ya jana, kisha ikakaza. Mama Debora akaitwa na ba kwabo, akaondoka asubuhi na bébé ku mugongo. Sikumuona tena. Alinishika mikono yote mbili, akasema: «Pilipili, nakulaka.»

Noela alipona, lakini akaanza kuchagua. Ndizi, anamenya mwenyewe. Yai, anavunja mwenyewe. Hindi, anachoma mwenyewe. Bugali yangu, «nimeshiba, mama». Nilisema ni deko ya mutoto aliugua. Mi ninayeshuku kila muntu mu Baraka, mutoto yangu mwenyewe nilimuona bila kumuona.

Kisha vita ikarudi tena na nguvu, na dada yangu mukubwa akapata nafasi mu boti ya kuvuka ziwa kwenda Tanzania. Nafasi mbili na nusu: yeye, mi, Noela. Mu sale mulikuwa bamama kumi na moja, tumbo zote karibu. Nikaenda kwa Pasteri Zabuloni. Akafunga macho: «Dada, mkono wako umewekwa kwenye jembe. Mtoto ni wa Bwana, Bwana atamlinda. Wewe baki katika kazi uliyoitiwa.»

Nikabakia, Noela akaenda na dada yangu. Miaka mingi nilisema nilibakia juu ya misioni, na ni kweli, ile kumi na moja walizaa bote na bote walikula. Siku hizi naangalia tena. Pasteri, Mungu amupumuzishe, alikuwa anakula ku jiko yangu kila mangaribi, nae nani angemupikia? Na mi? Mi namushuku mi pia. Ku jiko hii nilikuwa Mama Noela mwenye funguo, komanda anasimama mbele yangu na sahani kama mutoto wa masomo. Mu boti ningekuwa mujane muzee mwenye mufuko. Sijue ni ipi ilinishika. Mungu anajua, sijamuuliza.

Pale ku forodha nilimupa Noela furushi, bugali ya moto na ndagala, nimeifunga mu majani ya ndizi. Akaishika na mikono mbili, akasema asante. Kisha ya miaka mingi dada yangu alinitumia habari: boti ilipofika katikati, Noela alifungua furushi, akanusa, akaimwaga mu ziwa. Dada alifikiri ni mawimbi.

Nikarudi ku jiko. Tangu siku ile nilionja kila kitu. Kila sufuria, kila sahani, kila kitanda, miaka zaidi ya kumi. Nilionja unga ikiwa unga, nilionja maji ya kulowesha. Bamama ya milima balirudi kushuka, bamama ya ziwa bakapunguza kugeuka ku ukuta, na bote bakaona ndani ya kinywa yangu mupaka meno ikaanza kutoka moja moja. Hakuna mutoto tena alionja ku jiko hii. Njo sheria yangu, Sifa, andikeni mu kichwa na mu karatasi. Hata mutoto akiomba.

Juzi juzi, vile munajua, Noela alirudi. Mulimuona bote, mukasema amekuwa muzuri. Ameshuka ku gari ya kutoka Uvira, mulefu kama baba yake, katoto ka mwaka moja na nusu ku mukono. Akapiga goti: «Shikamoo, mama.» Shikamoo! Nikaangalia nyuma, nikafikiri kuna mukubwa anapita. Swahili yake imekuwa safi kama ya redio, kila neno imepigwa pasi. «Mama, tumefika salama, tunamshukuru Mungu.» Nilimuigiza hapo hapo, bamama ya sale bakacheka, yeye nae akacheka. Nilisema: imeisha. Ile yote, imeisha.

Nilimupikia hapa, mu kiwanja ya materinite, bote baone. Muhogo nililowesha mi mwenyewe, siku ine, hata si wakati ya baridi. Nilitwanga mi mwenyewe. Mukeke ya asubuhi, sombe ya majani ya muhogo na mawese, bugali ilisema fff mupaka ndani ya mifupa yangu. Pasteri mupya akatuongoza kusali. Bamama bakakaa kando kando na bébé zabo, hata Lukasi alitoka na miwani yake, ile uzi mupaka leo.

Na furaha yangu ile, ya miaka yote, nilifanya nini? Nilikata tonge. Nikagusisha ku mafuta. Nikaipoza na pumzi. Katoto kakafungua kinywa kama ndege, na mi nikapeleka mukono, mbio mbio, bila kuweka kitu ku ulimi yangu kwanza.

Noela akanishika hapa, ku kifundo ya mukono. Ile mukono moja aliyokuwa ananyoosha kwa komanda. Hakupandisha sauti. Hakukunja uso. Bamama bote balisikia, na ule mangaribi nilitundika muiko pale munaiona.

Jeanine, hapa andika Swahili yake vile aliisema, usiigeuze:

«Onja wewe kwanza, mama. Mwanangu hatakuonjea.»